Kisiki kinachobaki shambani hurudisha ugonjwa wa mihogo

Muhogo ndio fufu yetu, na majani yake ndiyo sombe yetu. Lakini katika mashamba mengi majani yana mabaka ya manjano, yamejikunja na kuwa madogo. Wengine husema udongo umechoka, wengine humshuku jirani. Kumbe ni ugonjwa wa mozaiki, unaoletwa na virusi. Mti ukishashikwa, hakuna dawa ya kuuponya.

Virusi hivyo vina njia mbili. Ya kwanza ni inzi weupe wadogo wanaofyonza utomvu chini ya majani. Ya pili ni mikono yetu: tukikata miti migonjwa ili kupanda, au kumgawia mwenzetu, tunapanda na ugonjwa.

Tazama mmea mchanga. Majani ya kwanza ya chini yakiwa na mabaka, ujue kipande kilipandwa kikiwa kigonjwa; mavuno yatakuwa haba. Ya chini yakiwa safi na ya juu yana mabaka, inzi ndio walioleta.

Tunachosahau ni visiki na mizizi inayobaki baada ya kuvuna. Mvua ikirudi, inachipua. Tunafurahia sombe ya bure, na huku inzi wanatoka pale kwenda kwenye shamba jipya.

Tufanye hivi:

1. Chagua miti ya kupanda kabla ya kuvuna, majani yakingali juu, na ufunge kamba kwenye ile safi. Majani yakiisha, mgonjwa na mzima hufanana.

2. Baada ya kuvuna, ng'oa visiki vyote, vianike juani, kisha viwe kuni.

3. Katika miezi 3 ya kwanza, pita shambani kila juma na kung'oa mimea yenye mabaka.

4. Kikundi kiwe na shamba moja la miti ya mbegu, mbali na mihogo migonjwa.

Kung'oa kunauma, hasa kwa mama mwenye shamba dogo. Kama karibu yote ni migonjwa, usiing'oe ukabaki na njaa: vuna, kula, kisha tafuta miti safi kwa msimu ujao. Virusi hivi havimshiki mtu. Sombe ikitwangwa na kuiva vizuri, watoto wale.

Lakini mmoja akisafisha shamba na jirani asisafishe, inzi hawajui mpaka. Kazi hii ni ya kijiji kizima.