Vipande vya kitenge vinavyotupwa vinaweza kulipa chanjo ya mbwa wasio na mwenyewe

Kila mshonaji wa Bukavu, Goma ao Uvira ana mfuko wa vipande vya kitenge chini ya mashini. Ukijaa, vinachomwa ao vinatupwa kwenye mtaro. Vipande hivyo, pamoja na tisheti zilizochakaa, vinaweza kugeuzwa kuwa vitu vya kuchezea mbwa na paka, na pesa ikasaidia wanyama waliotupwa.

Huko Ulaya na Marekani njia hiyo imezoeleka. Watu wanashona ao kusuka nyumbani, wanauza, na faida inalipa chakula, dawa na daktari wa wanyama kwenye makao yanayopokea mbwa na paka wasio na mwenyewe. Kwetu, sababu ya kuijaribu ni nzito zaidi.

Ugonjwa unaotembea na mbwa

Vita ilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, watu wengi walikimbia. Anayekimbia na mtoto mgongoni na mzigo kichwani hana mkono wa kushika mbwa. Mnyama anabaki, anakula kwenye takataka, anapigana na wengine. Hapo kichaa cha mbwa, ambacho wengi tunaita raje, kinapata njia.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wanaambukizwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Dalili zikisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona.

Kuua mbwa wa mitaani hakumalizi raje, kwa sababu wengine wanahamia pale pale. Kinachosaidia ni chanjo: wakichanjwa mbwa 70 kwa kila 100, ugonjwa unakosa pa kupitia. Kwa hiyo pesa inayochanja mbwa aliyetupwa inamlinda pia mtoto anayekwenda shule kwa miguu.

Namna ya kusuka kamba ya mbwa

Chukua tisheti ya pamba iliyofuliwa vizuri. Kata vipande vitatu vyenye upana wa vidole vinne na urefu wa mkono mzima. Vifunge pamoja kwa fundo kali, visuke kama nywele huku ukivikaza, kisha funga fundo la pili mwishoni. Mbwa atauma upande mmoja na mwenyewe atavuta mwingine.

Kwa paka, shona mpira wa kitenge na uujaze vipande vidogo.

Usiweke vifungo, zipu, pini wala macho ya plastiki. Kata kila uzi unaoning'inia, kwa sababu paka akimeza uzi unaweza kumkata matumbo. Mpira wa mbwa usiwe mdogo hata uingie wote kooni. Mwambie mnunuzi kwamba kitu kikianza kuchanika, akitoe.

Mchezo si anasa

Huko Lwiro, katika eneo la Kabare, kuna kituo kilichoanza mwaka 2002 kinachotunza sokwe na nyani wengine walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Katika vituo vya namna hiyo, kumpa mnyama kitu cha kushika, kufungua na kutafuta ni sehemu ya matunzo, kwa sababu mnyama asiye na la kufanya anaanza kujiumiza. Mbwa wa nyumbani naye, akifungwa mnyororo kutwa nzima, anabweka ovyo, anachimba na kutafuna viatu. Mwenye mbwa akielewa hivyo, atanunua kwa faida yake mwenyewe, si kwa huruma tu.

Hesabu iwe wazi

Kabla ya kupanga bei, uliza daktari wa wanyama chanjo moja ni pesa ngapi. Tuseme kamba moja inauzwa franka 3,000, na sabuni, uzi na usafiri vinakula 500. Kamba 20 zitabakiza franka 50,000. Gawanya kwa bei ya chanjo, na utajua ni mbwa wangapi.

Soko si kubwa. Anza na familia zenye mbwa wa kulinda parsele, wafanyakazi wa mashirika, na ndugu walio ngambo.

Watu wamechoka na michango isiyojulikana inapokwenda. Pesa ishikwe na watu wawili, kila kamba iliyouzwa iandikwe kwenye daftari, na wanunuzi waonyeshwe karatasi ya chanjo ya kila mbwa aliyelipiwa. Tarehe 28 Septemba, siku ya kimataifa ya kupambana na raje, ni nafasi nzuri ya kutandika meza ya kwanza. Na kwenye kila kamba funga kikaratasi chenye maneno haya: ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.