Kitabu cha Watoto cha Ala za Muziki za Kujitengenezea

Ala za muziki za nchi yetu zimetunzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutunza sauti zake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa sauti za ala za makabila mengi, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini hata leo. Ya pili ni kuzitunza ala zenyewe. Katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Kisesa, zimewekwa ngoma nyingi, zikiwamo za watemi. Mtu akiondoka Busisi asubuhi, akavuka daraja la kilomita 3 lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 mahali pa kivuko, aweza kufika huko, kuzitazama, na kurudi siku ile ile.

Lakini liko jambo la tatu ambalo halimo katika sauti zilizonaswa wala katika makumbusho, nalo ni ujuzi wa kuitengeneza ala. Ngoma ya mtemi haichezewi na watoto, na sauti iliyonaswa haimwonyeshi mtu jinsi ya kukaza uzi. Ujuzi huo umo mikononi mwa wazee, na mzee akifariki huondoka nao. Kwa sababu hiyo yafaa wanafunzi wa sekondari wawaandikie wadogo zao wa shule ya msingi kitabu kidogo, kinachoeleza namna ya kutengeneza ala kwa vitu vilivyopo nyumbani. Makala haya yaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo.

Kwanza, waendeeni wenye ujuzi. Wasukuma na Wanyamwezi wana upinde wa muziki wenye kibuyu, uitwao ndono. Wahaya na Wakerewe wana nanga. Wakurya wana litungu. Ukimpata mzee ajuaye kutengeneza ala, mwamkie kwa heshima, mweleze unataka nini, na umwombe ruhusa ya kuandika. Kisha usimwulize tu, bali mtazame akifanya kazi, maana mengi ayajuayo mkono mdomo huyasahau. Andika jina la ala kwa lugha yake mwenyewe, na jina la mzee liwemo kitabuni akikubali.

Pili, pangeni kurasa kabla ya kuandika. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, basi karatasi 4 hutoa kurasa 16, na jalada huongezwa nje. Mpango mwema ni huu. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu. Ukurasa wa 2 na wa 3 ni wa vifaa na tahadhari. Kutoka ukurasa wa 4 hata wa 15 ziwekwe ala sita, kila ala kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa 16 ni wa kupiga ala zote pamoja, na wa majina ya wazee waliofundisha. Ni lazima kurasa za ala moja zitazamane, maana mtoto aliyeshika uzi na kopo hana mkono wa tatu wa kufunua ukurasa.

Ala zianze na iliyo nyepesi na kumalizikia na iliyo ngumu: manyanga, njuga za vizibo vya soda, ngoma ya kopo, chupa zenye maji, kayamba, na mwisho zeze la kopo.

Tatu, maagizo yawe mafupi. Kila sentensi iwe na kazi moja, na kila kazi iwe na picha yake. Usiandike, "Tayarisha kopo ipasavyo." Mtoto atauliza, ipasavyo ni vipi? Andika hivi: "Toboa kitundu kimoja katikati ya kitako cha kopo. Pitisha uzi katika kitundu. Kwa ndani, funga uzi kwenye kijiti kifupi ili usichomoke." Vipimo navyo viwe vile alivyo navyo mtoto. Fimbo ya zeze iwe na urefu wa shibiri zake 3, kwa kuwa si kila nyumba ina rula.

Yafaa pia kueleza sababu, kwa maneno machache. Uzi ukikazwa, sauti hupanda. Uzi ukibanwa katikati, nusu yake hutoa sauti ya juu zaidi, kwa oktava moja kamili. Katika chupa mwandishi awe mwangalifu. Ukiigonga chupa kwa kijiti, maji yakiongezeka sauti huwa nzito, kwa sababu maji huilemea chupa inayotikisika. Lakini ukiipuliza mdomoni, maji yakiongezeka sauti huwa nyembamba, maana kinachotikisika hapo ni hewa, nayo imepungua. Kitabu kisiposema kama chupa hugongwa au hupulizwa, mtoto atapata kinyume cha alichoambiwa, naye hatakiamini tena.

Nne, kumbukeni kwamba mtoto hukitii kitabu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tukiandika, "Kata matete ya kayamba," tumemtuma mtoto ziwani. Huko kuna mamba na viboko, tena kuna kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Basi tuandike, "Tumia mabua makavu ya mtama," nayo yatafaa. Tukiandika, "Tafuta kopo," mtoto aweza kuokota kopo la dawa ya kunyunyizia pamba. Tuandike "kopo la maziwa au la chakula," na kuongeza kwamba kopo la dawa halitumiki hata likioshwa. Kingo za kopo zisuguliwe kwa jiwe, na kutoboa kufanywe na mtu mzima. Ngoma iwambwe kwa plastiki nene. Ziko ngoma katika nchi za ziwa hili ziwambwazo kwa ngozi ya kenge, kama engalabi ya Uganda, lakini mnyama wa porini hawindwi bila kibali, na kitabu cha watoto kisifundishe hivyo.

Tano, kijaribuni kabla ya kukitoa. Mpeni mtoto wa darasa la tatu ambaye hajaiona ala ile ikitengenezwa. Mpeni na vifaa, kisha kaeni kimya. Msimwelekeze, wala msimcheke. Pale atakaposimama na kuangaza macho, wekeni alama kwenye mstari aliokuwa akiusoma, maana kosa ni la mstari, si la mtoto. Andikeni upya, mkajaribu kwa mtoto mwingine. Ala ikilia bila mtu kumsaidia, ukurasa huo umekwisha.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mvuvi aweza kutoa uzi wa wavu uliochakaa, mama aweza kuhifadhi makopo na mbegu, na babu au bibi aweza kutoa saa moja ya kufundisha.

Wahenga walisema, ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli, plastiki itapasuka na uzi utakatika. Lakini mtoto mwenye kitabu atafunua ukurasa ule ule na kuiwamba tena, hata kama yule mzee aliyeifundisha hayupo. Wanafunzi wenzangu, anzeni na mzee mmoja na ala moja katika likizo hii.