Matasia hadi Magadi kwa Boxer: Usisahau Keshi

Nani alisema ziara lazima iwe na pikipiki kubwa? Jumamosi moja tulitoka Matasia na Boxer ya cc 150, ile ile ya boda. Tukapita Kiserian, kisha Corner Baridi, ambapo barabara inaanza kuteremka Bonde la Ufa. Tulisimama Olorgesailie kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale, halafu tukaelekea Ziwa Magadi.

Raha ya pikipiki ndogo ni hii: inakula mafuta kidogo, ikikwama mchangani watu wawili wanaitoa, na mafundi wengi wanaijua.

Shida yetu haikuwa injini. Mbele ya Olorgesailie tulipata pancha. Kijana mmoja akatuletea fundi, akaziba tubu kwa shilingi 200. Pesa tulikuwa nazo, lakini zote kwa simu, na mtandao hakuna! Fundi akatuamini, akatuandikia nambari yake. Tulimtumia jioni, mtandao uliporudi. Je, angekataa?

Kwa hivyo, kabla hujaondoka:

- Toa keshi kidogo kwa wakala pale Kiserian: ya pancha, mafuta na maji.
- Jaza tangi, chaji simu.
- Ukilipa, soma jina la mpokeaji kwanza, ndipo uweke PIN.
- Mtandao ukisumbua, angalia salio kabla ya kutuma tena, usije ukalipa mara mbili.

Safari njema, na helmeti iwe kichwani!