VVU: Namna ya Kuwahesabu Wasiojijua (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye rejista ya zahanati, anamoandikwa kila aliyepimwa VVU pamoja na majibu yake. Leo tuanze na mtego uliomo ndani yake. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kituo kimoja jirani na stendi ya Mwenge, Dar es Salaam, kilipima watu 1,000 mwaka juzi, 30 wakakutwa na maambukizi. Mwaka jana kikapima 500, wakakutwa 20. Mwenye haraka atatangaza kuwa VVU vimepungua kwa theluthi. Kumbe katika kila mia waliopimwa, wenye maambukizi wamepanda kutoka watatu hadi wanne. Kilichopungua ni upimaji.

Jiji lenyewe linazidisha ugumu. Mtu ana kibanda chake cha biashara Mwenge, analala Mbagala, na dawa anazifuata Kibaha, ambako hakuna jirani wa kumwona kwenye benchi la kliniki. Huyu tumhesabu Kinondoni, Temeke au Pwani? Wapo pia wanaorudia kupima kituo hadi kituo wakiomba majibu yageuke, na kila kituo kinawaandika kuwa wapya. Hata mipaka imehama: Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, kwa hiyo Kinondoni ya mwaka 2010 na ya leo ni maeneo mawili yenye jina moja.

Ndiyo sababu serikali hubisha hodi majumbani. Kuanzia utafiti wa 2003-04 hadi ule wa 2022-23, kaya zimekuwa zikichaguliwa kitaalamu ili ziwakilishe nchi. Wanakaya wanahojiwa, na wanaoridhia wanatolewa damu. Utafiti wa namna hii ndio unaomfikia hata yule ambaye hajawahi kukanyaga zahanati.

Utafiti wa 2016-17 ulifichua jambo zito. Kati ya watu wa miaka 15 hadi 64 waliokutwa na VVU, asilimia 52.2 tu walisema wanajua hali zao. Maabara ilipotafuta chembechembe za ARV katika damu, baadhi ya waliosema hawajui walikutwa wanatumia dawa za kufubaza virusi! Baada ya marekebisho hayo, waliojua walifika takriban asilimia 61. Sioni haki ya kuwaita waongo. Mtu anahojiwa nyumbani kwake, mama mkwe yuko nyuma ya pazia, mwenye nyumba yuko kibarazani; ni nani angesema? Pengo hilo la karibu asilimia tisa ni unyanyapaa uliopimwa maabara, na kwangu lina uzito kuliko hotuba nyingi za Siku ya UKIMWI Duniani.

Matokeo ya 2022-23 yalileta nafuu kubwa. Kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kiwango cha maambukizi kilikuwa asilimia 4.4: wanawake 5.6, wanaume 3.0. Waliojua hali zao walifika asilimia 82.7. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya wenye dawa asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Zitazame namba hizo tatu kwa mfuatano. Anayejijua, kwa kawaida anatibiwa na tiba inamsaidia. Tumekwama mlangoni: lengo la dunia kwa mwaka 2025 lilikuwa asilimia 95 wawe wanajua, na katika watu wazima wanaoishi na VVU wapatao milioni 1.5, zaidi ya 250,000 walikuwa hawajijui.

Wanaume ndio walio nyuma zaidi katika kujijua. Mwanamke anakutana na kipimo kliniki ya wajawazito. Mwanaume hana mlango kama huo, na mara nyingi mke akirudi na majibu mazuri, mume huyachukua kuwa ni yake. Hilo ni kosa la hatari, maana wenza wanaweza kutofautiana kwa miaka. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Zilikuwa hatua za busara.

Yapo pia maelezo ambayo damu hutoa yenyewe. Anayegunduliwa leo akiwa na CD4, yaani seli za kinga, chini ya 200, kwa kawaida ameishi na virusi kwa miaka kadhaa. Anatusimulia maambukizi ya zamani, si ya mwaka huu. Maambukizi mapya hukadiriwa kwa kipimo kinachotofautisha kingamwili changa na zilizokomaa, na kwa njia hiyo utafiti wa 2022-23 ulikadiria takriban watu wazima 60,000 kwa mwaka.

Mapema mwaka 2025 Marekani ilisitisha ghafla misaada yake ya nje. Mpango wake wa PEPFAR ulikuwa ukibeba sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini, zikiwemo tafiti hizi za kaya. Fedha zikipungua, dawa hulindwa kwanza, na hilo ni sawa. Kinachoanza kukatwa ni upimaji wa kuwafuata watu mitaani na kwenye vijiwe. Rejista nazo zitaonyesha wagonjwa wapya wachache. Siku takwimu za mkoa zitakapotangazwa kuwa zimeshuka, mwandishi wa habari aliye ukumbini aulize walipimwa wangapi, wanaume walikuwa wangapi, na wangapi walifika CD4 zikiwa tayari chini ya 200.

Itaendelea wiki ijayo.