Majina ya Ngazi na Mshahara wa Seremala

Ndugu wafanyakazi, baadhi yenu mtauliza: mchuma chai wa Shagasha na mtu wa saruji wa Bugarama wana haja gani na ngazi za mbao za nyumba za watu? Someni kwanza.

Hapa Cyangugu, ambayo tangu 2006 imo katika Wilaya ya Rusizi, maseremala wengi hulipwa kwa kipande. Katika karakana moja tuliyoifikia, karatasi ya kazi ilisema kwa Kifaransa "balustres" 40, basi. Vijana wawili wakazikereza zote, kila moja na shingo yake, tumbo lake na pete zake. Siku ya malipo patroni akasema yeye alikusudia vijiti vya mraba, vya kupigwa randa tu, akalipa bei ya vijiti. Lakini ngazi aliiuza na nguzo zake za kukereza!

Ujanja ulikuwa katika neno. Kwa hiyo tulikaa na mafundi tukapanga majina yetu. Pa kukanyaga ni kidato. Zile mbao mbili za ubavuni zinazobeba vidato, Mfaransa huziita "limon", wala si tunda. Sisi tumesema mbao za ubavu. "Main courante", yaani mkono unaokimbia, ni mkono wa ngazi, na hapo jasho lote ni la msasa. Nguzo nene ya chini, ngazi inapoanzia, mafundi wameiita nguzo mama, na kichwa chake cha mviringo ni kirungu. Ua au jani lililochongwa kwa patasi ni nakshi, nalo lina bei yake mbali.

Pwani majina haya yana umri. Mlango wa Unguja una miimo, vizingiti na mfaa wa katikati, na kila ubao hujulikana. Zahanati ya Kale aliyoianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ikamalizika 1894, inasifiwa hadi leo kwa nakshi za roshani zake. Jina la tajiri limehifadhiwa. Majina ya waliochonga hatukuyaona popote.

Sheria ya kazi nambari 66 ya 2018 inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Basi daini karatasi, na iwe kwa lugha mnayoisoma. Wachuma chai nao wana neno lao, "kilo". Je, ni kilo kabla ya kutoa uzito wa kikapu, au baada? Ulizeni kabla ya mizani.

Vijana wale sasa wana karatasi mpya: nguzo za kukereza, pete tatu, bei ya kila moja. Fedha iliyopunguzwa mara ya kwanza bado hawajapewa. Jumatatu tunarudi huko pamoja nao.