Kijiwe kinapotoka kifuani

Tuseme wewe ni mvuvi wa kisiwa cha Takawiri. Miaka kumi iliyopita uliugua kifua kikuu, ukameza dawa zote ukapona. Sasa umekohoa kwa miezi, na asubuhi moja unatema kitu kigumu, cheupe, kama punje ya mchele, pamoja na damu kidogo. Utasema ni mwiba wa ngege. Jirani atasema umerogwa.

Kifua kikuu huingia pia katika tezi zilizo kando ya mirija ya hewa. Mwili unapokishinda, mara nyingi hubaki hapo kovu lenye chokaa. Kwa wengi chokaa hiyo hukaa kimya maisha yote. Kwa wachache, mwendo wa kupumua na mapigo ya moyo huisugua mpaka itoboe ukuta wa mrija na kuingia ndani. Ndipo huja kikohozi kisichoisha, damu, na nimonia inayorudi pale pale. (Hata mwiba uliokupalia ukakaa miaka kifuani huweza kuvaa chokaa, kwa hivyo wazo la ngege si la kuchekwa.)

Kitie kijiwe hicho ndani ya chupa safi. Panda mashua hadi Mbita ukapimwe makohozi kwanza, maana kifua kikuu huweza kurudi. Usianze dawa za zamani kwa kubahatisha. Eksirei husaidia, lakini skani ya CT huonyesha vizuri zaidi jiwe lilipo.

Kulitoa ni kazi ya bronkoskopi: mrija wenye taa unaopitishwa puani au mdomoni hadi mapafuni. Mwaka 1897, huko Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alimtoa mkulima mfupa wa nguruwe kwa njia hiyo bila kumpasua. Kwetu hufanywa katika hospitali kuu kama Kenyatta, Nairobi.

Jiwe lililolegea hushikwa kwa koleo ndogo likavutwa. La kuogopwa ni lile lililokwama ukutani, nusu ndani, nusu nje. Nyuma yake huenda upo mshipa mkubwa wa damu, na kuling'oa kwa nguvu ni kufungulia mto. Hapo daktari hutumia mrija mgumu, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Pengine hulivunja jiwe kwa leza, au humwachia mpasuaji. Kwa hivyo akilitazama na kuliacha, usimwone mwoga.

Lakini ukitema damu ya kujaza kikombe, usingoje mashua ya kesho.