Adui wa Mshubiri ni Masika

Mshubiri unaooza shina uani Makorora, Tanga, mara nyingi haukufa kwa kiu. Umenyweshwa mno. Tanga si Dodoma: mvua hapa hupita milimita 1,200 kwa mwaka, nyingi ikishuka Machi hadi Mei, na hata kiangazi hewa ya bahari ina unyevu.

Mshubiri na mkonge hufunga vitundu vya majani jua likiwaka, huvifungua usiku, huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi hadi kupambazuke. Kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Ustahimilivu huo ndio uliojenga Tanga. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliletewa mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ilisalimika safari hiyo, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na mashamba yetu yakaanzia hapo. (Uani usiupande, mwiba wake u sawasawa na jicho la mtoto.)

Lakini mizizi ya mimea hii ikikaa majini hukosa hewa, kuvu huingia, na shina huoza kabla majani hayajaonyesha dalili. Basi kazi kubwa ni udongo. Changanya udongo wa kawaida na mchanga mnene wa mto, nusu kwa nusu, uongeze kokoto au vipande vya matofali. Mchanga wa ufukwe wa Raskazone waachie waogeleaji, una chumvi. Ndoo kuukuu yafaa, mradi itobolewe chini na kuinuliwa juu ya matofali, mbali na michirizi ya paa. Masika ikianza, ihamishie barazani penye mwanga. Kiangazi chomeka kijiti udongoni: kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha usiuguse tena mpaka ukauke.

Vichipukizi vya mshubiri vikate, uvilaze kivulini siku chache kidonda kikauke, ndipo uvipande. Mnyaa pia hukubali hivyo, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Adeniamu, ile ya shina nono na maua ya rangi ya waridi, utomvu wake ulipakwa mishale ya wawindaji. Iweke mbali na mbuzi na watoto.

Adeniamu hupukutisha majani, na wengi huitupa wakidhani imekufa. Ibonyeze kwanza. Shina likiwa gumu, iache. Likibonyea, kata juu ya palipooza hadi uone nyama safi, kausha, uanze upya.